Vyombo vya Kabatini na Deni la Marehemu

Katika kazi za kamati ya msikiti ambazo jamaa hawazioni, iko moja inayofanyika kimya kimya siku chache baada ya kuanua matanga, nayo ni kuandika orodha ya mali aliyoiacha marehemu. Familia humwendea imamu na kuomba watu wawili au watatu waadilifu wakae nayo, waingie chumba kwa chumba na kuhesabu, ili mirathi igawanywe kwa mujibu wa Sheria na asidhulumiwe mtu. Daftari hubaki kwetu. Kwa miaka kadhaa sasa tumeandika orodha hizo hapa Mugumu, nasi tumeona humo jambo ambalo tungependa kuliweka mbele ya wasomaji wa ukurasa huu wa familia, kwa kuwa linawahusu walio hai zaidi kuliko waliotangulia.

Jambo lenyewe ni hili: mali yenye thamani huandikwa kwa mistari michache. Kiwanja, nyumba, ng'ombe kama wapo, pikipiki, akiba ya nafaka. Mistari hiyo haijazi hata nusu ya ukurasa. Kurasa mbili au tatu zinazofuata zote ni vitu.

Tutoe mfano mmoja, na tumebadilisha mambo machache ili wenyewe wasitambulike. Marehemu alikuwa mfanyabiashara mdogo wa nafaka, mtu mwema, asiyekosa swala ya alfajiri. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinne, na kuihesabu kulituchukua asubuhi mbili. Sebuleni palikuwa na seti ya sofa. Katika chumba cha watoto palikuwa na seti ya pili, ya zamani, imesimamishwa ukutani na kufunikwa shuka, nao watoto wanalala juu ya mkeka kwa kuwa kitanda hakikupata nafasi. Palikuwa na televisheni tatu, mbili kati yake za kichogo na haziwaki. Chupa za chai tisa. Sahani za kauri dazeni sita ndani ya kabati la vioo, baadhi yake zingali na karatasi ya dukani. Sanduku lilijaa vitenge vya sare za harusi, kila kimoja kimevaliwa mara moja. Stoo ilikuwa na baiskeli mbili zisizo na magurudumu, mashine ya kusaga iliyokufa, madumu matupu, mabati yaliyooza na gunia zima la viatu. Vumbi la huku mnalijua. La kiangazi kimoja linatosha kufanya kila kitu kiwe cha rangi moja.

Siku ya mazishi imamu aliuliza, kama ilivyo ada, nani anamdai marehemu. Watu walinyamaza, maana mbele ya jeneza watu huona haya. Wiki iliyofuata ndipo deni lilipojitokeza. Sofa ile ya sebuleni ilinunuliwa kwa mkopo, na mkopo wenyewe ni wa aina ile ambayo watu wameuita kausha damu, nasi hatuna jina bora zaidi la kuupa. Ilikuwa imebaki shilingi laki sita na riba juu yake. Tukamwita mtu anayenunua fanicha kuukuu atazame. Sofa iliyonunuliwa kwa laki tisa aliipa laki moja na nusu, na vyombo vya kabatini, vyote kwa pamoja, aliona havifikii elfu sabini. Mkopeshaji, baada ya maneno mengi, alikubali kupokea asili ya fedha yake na kuiacha riba, Mwenyezi Mungu amlipe kwa hilo. Hata hivyo sofa na vyombo havikutosha kulipa nusu ya deni. Kilichouzwa mwisho ni ng'ombe mmoja wa maziwa, ambaye ndiye aliyekuwa akiwanywesha watoto wale wanaolala kwenye mkeka.

Wasomaji wanaijua hukumu. Aya ya 11 na ya 12 za Surat an-Nisaa zinaweka wazi kwamba warithi hawagusi chochote mpaka wasia na deni vitolewe. Na katika Sahihi ya Bukhari, Salama bin al-Akwa' amepokea kwamba ililetwa jeneza mbele ya Mtume (S.A.W.), akauliza kama maiti ana deni, akaambiwa dinari tatu na kwamba hakuacha kitu, akawaambia masahaba wamswalie mwenzao, yeye asimame kando, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Dinari tatu! Tumewasikia wengine wakijibu kwamba hata Mtume mwenyewe alifariki akiwa na deni. Ni kweli, Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja. Lakini ilikuwa rehani ya shayiri, chakula cha nyumbani kwake. Haikuwa ya mapambo ya sebuleni.

Nyumba ile ilikuwa na mawili mengine yaliyotukalisha. Kaka za marehemu walidai kabati na vyote vilivyomo ni mali ya ndugu yao. Mjane akasema alivipata kwa upatu wa vyombo, zamu kwa zamu, kwa fedha yake ya kuuza maandazi. Kisheria mali ya mke ni ya mke, haiingii katika mirathi ya mume hata kidogo, ila sharti ijulikane kuwa ni yake. Hapakuwa na maandishi. Ilibidi wanawake wanne wa upatu ule waje kutoa ushahidi wao, na waume wawili wa jirani waliokuwa wakijua habari hiyo. Haki ikapatikana, lakini baada ya maneno ambayo hayakustahili kusemwa katika nyumba yenye msiba. La pili ni kwamba tulipozipindua sahani ili kuzihesabu, kumi na moja zilikuwa na alama za rangi ya kucha chini yake, nyekundu na nyingine zambarau, na masinia mawili yalikuwa na herufi zilizochongwa kwa msumari. Hazikuwa za nyumba ile. Ziliazimwa katika karamu ambazo hakuna aliyezikumbuka, zikapotea ndani ya wingi. Marehemu aliondoka na amana za watu ambazo pengine hakujua kuwa anazo.

Tungekuwa wadhalimu kama tungeishia kusema kwamba watu wana tamaa. Wazazi wetu wengi hawakujifunza kulimbikiza kwa anasa, walijifunza kwa dhiki. Baada ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 nchi iliishiwa. Sabuni, sukari, kanga na hata kiberiti vilipangiwa foleni. Mwaka 1983 ulipopita msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, wapo waliotupa bidhaa vichakani usiku kwa hofu, na wengine wakajifunza kuficha. Mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni hatupi dumu. Kwake kila kopo ni ndoo ya kesho na kila msumari uliopinda utanyooshwa. Elimu ile ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa mwaka 1984, mitumba ikaingia, kisha vyombo vya bei nafuu kutoka Uchina, kisha mikopo ya simu. Vitu vikawa vingi, na mkono wa kuficha ukabaki vile vile. Kwa hiyo nyumba moja leo ina hofu ya mwaka 1983 na bei za soko la sasa, na mambo hayo mawili yakikutana ndipo sofa mbili zinapokaa katika nyumba ya vyumba vinne.

Kuna watu wanaofundisha siku hizi, na video zao zimefika hata huku, kwamba dawa ni kutoa kila usichokipenda na kukitupa. Njia hiyo inatoka katika nchi ambazo kitu kikitupwa hubebwa na gari na mwenyewe hakioni tena. Sisi tunaona kinakokwenda. Nguo zinazopunguzwa katika makabati ya Ulaya, Marekani na Uchina hufungwa marobota, nayo marobota hufunguliwa katika minada yetu. Wao wakisafisha, sisi tunajaza. Na hapa kwetu kutupa ni kuchoma nyuma ya nyumba au kumwaga korongoni, kisha mvua ya masika irudishe kila kitu barabarani. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na bado korongo zetu zina ushahidi wa miaka ya nyuma.

Lazima pia kutofautisha akiba na limbikizo, kwa maana wapo wanaodhani zuhudi ni kukaa bila kitu. Umar (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Nabii Yusuf (A.S.), kama ilivyo katika sura yenye jina lake, aliwafundisha Wamisri kuhifadhi nafaka katika miaka saba ya neema kwa ajili ya saba ya shida. Kihenge cha mtama au mahindi cha wakulima wetu, Wangoreme, Waikoma, Wakurya na wengineo, ni akiba, hata kama katika vijiji vinavyopakana na hifadhi tembo naye anajua kilipo. Akiba ina siku yake ya kuliwa. Limbikizo halina siku. Hiki ndicho kipimo ambacho sisi tunakitumia tunapoulizwa, nacho kinatosha zaidi kuliko kuhesabu idadi ya vitu. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) hadithi ya matandiko: moja la mume, moja la mke, la tatu la mgeni, na la nne ni la shetani. Angalieni kwamba mgeni amewekewa lake. Nyumba ya Muislamu haitakiwi kuwa tupu kiasi cha kumlaza mgeni chini.

Tuseme pia, kwa kuwa khutba zetu mara nyingi hazilisemi, kwamba maneno ya israfu hayawahusu wanawake peke yao. Tumechoka kusikia mimbari ikikemea vitenge na vijora wakati mashine mbovu, pikipiki iliyokatwa vipande na redio nne zisizosema ni za baba. Katika orodha zetu, stoo ndiyo inayojaa kuliko sanduku la nguo, na stoo kwa kawaida ni ya mwanamume.

Wala kabati la vioo halikuzuliwa juzi. Katika majumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18 kuta za ndani zilijengwa kwa zidaka, vijishubaka vingi vilivyopangwa safu juu ya safu, na humo wenye majumba walipanga kauri zilizotoka mbali. Kuonyesha chombo ni tabia ya zamani ya watu wa pwani, na Uislamu ulipopanda bara kwa njia za biashara, tabia nyingi za pwani zilipanda nao, nzuri na zisizo nzuri. Wanazuoni hawakunyamaza. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na miongoni mwa aliyoyapigania ni kuwaonya Waislamu juu ya fujo la mali katika harusi na matanga. Takriban miaka mia imepita. Sare ya harusi imebadilisha rangi tu.

Lakini yako mabadiliko ambayo Sheikh hakuyakuta, nayo ndiyo tunayoyaona kuwa kiini. Zamani si sana, mtaa mmoja ulikuwa na masufuria makubwa mawili, na kila mtu alijua yako kwa nani. Ungo, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, shoka, ngazi, vyote vilizunguka. Leo kuazima kumekuwa aibu. Mama anayetuma mtoto kwa jirani kuomba sinia anaonekana hana, kwa hiyo ananunua lake. Na jirani naye, kwa sababu hiyo hiyo, ana lake. Nyumba ishirini zinanunua masufuria ishirini ya kupikia pilau ya watu hamsini, na kila sufuria hufanya kazi mara moja kwa mwaka. Nyumba hujaa pale ujirani unapopungua.

Hapa ndipo Surat al-Maun inapotushika. Sura hii sote tunaihifadhi tukiwa watoto kwa kuwa ni fupi, na pengine kwa ufupi wake tunaipita haraka. Inawataja wanaokadhibisha malipo, wanaomsukuma yatima, wanaoghafilika na swala zao, na inamalizia kwa wale wanaozuia maun. Maun ni nini? Abdullah bin Mas'ud (R.A.) na wafasiri wengi waliomfuata wamesema ni vile vitu vya nyumbani ambavyo watu huazimana: ndoo, chungu, shoka na mfano wake. Fikirini uzito wake. Chungu cha jirani kimetajwa katika sura moja na yatima na swala.

Kwa kuzingatia hayo, kamati iliamua kuanzisha stoo ya vyombo msikitini. Tulianza na chumba kidogo kilichokuwa kikihifadhi mifuko ya saruji. Hatukuchangisha fedha, tuliomba vyombo tu, na tukaweka sharti moja kwa kufuata aya ya 267 ya Surat al-Baqara, inayowakataza waumini kukusudia kilicho kibaya na kukitoa, hali wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Sharti hilo lilihitajika. Siku za mwanzo watu walileta vikombe visivyo na mikono na viatu vya mguu mmoja, kana kwamba msikiti ni jalala lenye kibla. Tulivirudisha kwa upole. Wapo pia walioleta juzuu zilizochakaa na karatasi zenye jina la Mwenyezi Mungu. Hizo tulizipokea, kwa kuwa watu huogopa kuzigusa na huko nyumbani hubaki zikiliwa na mchwa. Zilizikwa mahali safi pasipokanyagwa.

Leo stoo ina masufuria makubwa matano, masinia kumi na manane, sahani sitini, majamvi, maturubai mawili, ngazi na machepeo ya kuchimbia kaburi. Vyote ni wakfu, haviuzwi wala havitolewi zawadi. Anayeazima huandika jina, na kwa madhehebu ya Imam Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, mwenye kuazima hudhamini kitu kikipotea au kikiharibika, isipokuwa kilichochakaa kwa matumizi aliyoruhusiwa. Hilo limesomwa wazi, na limepunguza maneno. Mfuniko mmoja umepotea na umelipwa. Masufuria hurudi na masizi, na hili hatujalipatia dawa.

Palizuka mjadala kama majirani wasio Waislamu nao waazimwe. Mugumu sisi si wengi. Mtaa mmoja una nyumba zetu tatu na za wenzetu Wakristo thelathini, na msiba wao tunaufuata kama wao wanavyoufuata wetu. Mzee mmoja wa kamati alikumbusha kwamba Mtume (S.A.W.), alipokuwa akienda Hunayn mwaka wa 8 Hijria, aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, naye Safwan wakati huo hakuwa amesilimu, na alimhakikishia kuwa ni azima yenye dhamana. Mjadala ukaisha hapo. Sufuria letu kubwa kuliko yote limepika chakula cha mazishi ya Kikristo mara mbili tangu mwaka uanze.

Kwa anayetaka kuanza nyumbani kwake, tunashauri aanze na vya watu. Pindua sahani utazame alama. Rudisha, hata kama miaka imepita na unaona haya. Haya ya mlangoni ni nyepesi kuliko ile ya siku nyingine. Kisha mume na mke wakae na daftari la shule la watoto, waandike kipi ni cha nani, wakiwa wazima na wanacheka. Kisha waandike wanadaiwa nini na nani. Tumeona nyumba ambazo daftari hilo peke yake limezuia ununuzi wa mwezi mzima, kwa sababu mtu akiona deni la mchele limeandikwa juu ya deni la pazia huona mwenyewe. Kilicho kizima na hakina siku yake, kipewe anayekihitaji leo. Kilichokufa kipelekwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Na fedha ndogo itakayopatikana inunue sukari ya kilo, maana anayenunua vipimo vya karatasi kila siku hulipa zaidi kuliko tajiri, naye ndiye maskini.

Mwezi ujao tuna harusi. Binti ameomba, yeye mwenyewe, kusiwe na sare wala vyombo vipya, na watu wake wamekubali baada ya mvutano ambao hatutausimulia. Wageni wanakadiriwa mia mbili, nazo sahani za stoo ni sitini. Wajumbe wawili wanataka tununue nyingine. Wengine wanasema wageni wetu wale katika masinia, watu wanane kwa sinia moja kama ilivyo Sunna, na sahani ziwekewe majirani ambao hawajazoea kula pamoja. Tumehesabu: majirani walioalikwa ni hamsini na wanne. Kamati itakaa baada ya swala ya Ijumaa.